Alisema Aliota

OPERETA: Iringa, pokea. Mbeya wako kwenye laini. Haya, zungumzeni.

MUHARAMI: Haloo! Nani mwenzangu huko?

DAMARI: (laini inakwaruza) ...ri mimi. Ni mi...

MUHARAMI: Sema tena! Kuna mvumo.

DAMARI: Damari! Mke wa Asukile, wa Mbeya!

MUHARAMI: Lahaula. Shemeji Damari! Ni wewe kweli? Hujambo, shemeji? Habari za siku nyingi? Za watoto?

DAMARI: Nzuri. Za Iringa?

MUHARAMI: Baridi tu, shemeji, lakini haifiki hiyo ya kwenu. Ah, sasa mvumo umeondoka, nakusikia vizuri. Kwa hiyo salamu zangu zimefika! Nilimpa Sedekia, yule dereva wa lori. Nikamwambia, wewe ukifika Nyololo usijisahau kwenye pombe ukaniharibia jambo langu, fika mpaka Mbeya umtafute mke wa Asukile—

DAMARI: Sedekia alifika. Alinikuta napura maharage. Akasema Muharami anakwenda Makka, anaomba radhi kwa kila mtu aliyeishi naye, na mimi na mume wangu tumo.

MUHARAMI: Ndivyo. Safari ile ndivyo ilivyo, shemeji. Mtu haendi na mizigo ya watu shingoni.

DAMARI: Mizigo.

MUHARAMI: Naam?

DAMARI: Nasema huku kwangu sikusikii vizuri. Uko wapi?

MUHARAMI: Dukani kwa Isihaka, mdogo wangu, unamkumbuka. Simu yake kaitundika hapa mlangoni, kamba yake fupi, nimesimama kama mlinzi. Na wageni wamejaa barazani! Wametoka mjini, wametoka Kihesa, shehe mwenyewe yupo. Wamekuja kuniaga. Mwanahawa amewapikia pilau, wanakula hapa hapa.

DAMARI: Watu wengi?

MUHARAMI: Wengi, mashallah.

DAMARI: Vizuri.

MUHARAMI: Na bwana Asukile? Hajambo?

DAMARI: Yuko hapa. Nimemkalisha kwenye benchi la Posta, anatazama picha ya Malkia ukutani.

MUHARAMI: Umekuja naye! Alhamdulillahi. Basi mpe simu, shemeji, nimwombe mwenyewe kwa kinywa changu, tumalize.

DAMARI: Nitampa. Usiwe na haraka. Ila kwanza niambie, hiyo radhi unaiombea nini?

MUHARAMI: Ya lolote. Kama nilimkosea kwa neno, au kwa tendo, au—

DAMARI: Lolote lipi?

MUHARAMI: Lolote, shemeji. Ndivyo tunavyosema.

DAMARI: Nyinyi ndivyo mnavyosema. Sisi huku ng'ombe akila mahindi ya jirani, mwenye ng'ombe anakwenda anasema, ng'ombe wangu amekula mahindi yako. Hasemi kama kuna lolote limekula chochote popote. Atafukuzwa.

MUHARAMI: (anacheka) Ah, shemeji, bado una maneno yako yale!

DAMARI: Ninayo. Mimi sikuota mbele ya Domo. Nakumbuka kila kitu.

MUHARAMI: Hayo mambo ya Domo ni ya zamani.

DAMARI: Eh? Sikusikii.

MUHARAMI: Nasema ni mambo ya zamani!

DAMARI: Kwako. Kwangu mimi ni ya leo asubuhi. Unajua leo asubuhi nimefanya nini? Nimegonga mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Nikatoa sauti kwanza, hodi, ili mume wangu apate nafasi ya kunipisha, maana akinikuta mlangoni ghafla anaona haya, anainamisha macho, anatoka nje kupitia jikoni. Unajua kwa nini?

MUHARAMI: Sijui, shemeji.

DAMARI: Ananiita mkwe. Nimefanana na mama yangu, sasa uso umeanza kukunjika, basi kwake mimi ni mama mkwe amekuja kutembea. Ananiheshimu sana. Hali nami sahani moja. Anauliza, "Mkwe, Damari amekwenda wapi?" Namwambia ndiye mimi. Anacheka kwa adabu, anadhani namtania. Jioni anatoka anasimama njiani kumngoja Damari. Anasema Damari amekwenda mtoni kuteka maji, mbona amechelewa, giza linaingia. Na mimi niko nyuma yake na ndoo kichwani.

MUHARAMI: Pole. Pole sana, shemeji. Wallahi sikujua kama imefika huko.

DAMARI: Esta, mwanawe, anamwita kwa jina la dada yake aliyekufa. Ukimpa uji anakunywa, ukitoa kikombe anauliza uji uko wapi. Lakini mwambie aimbe nyimbo za shule, anaimba zote. Mwambie ataje ng'ombe wa baba yake, anawataja mmoja mmoja na rangi zao. Ya zamani yapo. Kuanzia mwaka ule Malkia alipovikwa taji, mwaka Asukile alipopanda kwenu mlimani, hakuna kitu. Pameungua.

MUHARAMI: (kwa sauti ya chini) Mwanahawa. Hebu sogeza huo mlango ufunge.

DAMARI: Usifunge mlango.

MUHARAMI: Umesikia—

DAMARI: Eh? Laini inakwenda inarudi. Nilisikia "mlango". Usifunge, hewa ikikosekana hapo simu itakoroma zaidi.

MUHARAMI: Ati hewa?

DAMARI: Opereta ndiye aliyeniambia. Mlango wazi. Sasa nijibu. Domo lilikuwa nini?

MUHARAMI: Si unajua? Mashine ya wazungu ya kutazamia mawingu. Wanaielekeza angani, inawaonyesha mvua iko wapi.

DAMARI: Na kazi ya Asukile?

MUHARAMI: Kibarua. Kufyeka majani, kubeba maji.

DAMARI: Na alfajiri?

MUHARAMI: Alfajiri... kufuta umande pale mdomoni.

DAMARI: Sikusikii!

MUHARAMI: Kufuta umande! Kwenye Domo! Umande ukiganda bwana fundi alikuwa hapendi!

DAMARI: Na mashine imezimwa?

MUHARAMI: Shemeji, mimi nilikuwa nyapara tu. Mashine ya wenyewe, fundi mwenyewe, amri yake. Akiizima inachukua muda kuamka, kwa hiyo—

DAMARI: Imezimwa au inawaka?

MUHARAMI: Inawaka.

DAMARI: Paza sauti, Muharami! Niko mbali!

MUHARAMI: INAWAKA! Ilikuwa inawaka!

DAMARI: Ahaa. Sasa nakumbusha, wewe ukinisahihisha sawa. Mlima ule kwa baridi unajulikana, mwezi wa saba majani yanakuwa meupe. Vibarua wana mashuka tu, wengine magunia. Asukile anakwenda kufuta umande, anarudi anasema jamani, pale mbele kuna joto! Joto tamu, linaingia mpaka kwenye mifupa, halina moshi. Na wewe ukamwambia nini?

MUHARAMI: Sikumbuki.

DAMARI: Loo! Na wewe umeota? Mimi nakumbuka, alinisimulia jioni ile ile anacheka. Ulimwambia, "Nenda ukaote, Asukile. Kuni zimekwisha, ota hapo, joto la serikali ni bure." Akaota. Kila asubuhi akisimama pale na mikono ameitanua, kichwa chake mbele ya Domo kabisa, huku anafuta umande wenu. Akawa anasema Domo linamwongelesha. Tik, tik, tik, ndani ya kichwa, hata akiziba masikio. Mkamcheka.

MUHARAMI: Sisi tulidhani mzaha! Nani alijua? Hata wazungu wenyewe hawakujua.

DAMARI: Yai.

MUHARAMI: Nini?

DAMARI: Nasema yai. Ulikuja kwangu siku moja, nikakupikia ndizi na nyama, ukakaa kwenye kigoda cha mume wangu, Asukile bado hajashuka mlimani. Ukanisimulia kichekesho. Ulisemaje?

MUHARAMI: Shemeji, watu wananitazama hapa.

DAMARI: Sikusikii! Laini mbovu! Ulisemaje?

MUHARAMI: Fundi aliweka yai mbele ya Domo!

DAMARI: Likawaje?

MUHARAMI: Likaiva!

DAMARI: Ganda je?

MUHARAMI: Ganda zima. Halikuungua. Ndani ndiko lilikoiva.

DAMARI: Na fundi akakuambia nini? Sema kwa nguvu, usininong'oneze kama mchumba.

MUHARAMI: AKANIAMBIA WATU WASISIMAME PALE! Haya! Akasema usiache watu wasimame mbele wakati inawaka! Umefurahi?

DAMARI: Bado. Wewe ulicheka sana siku ile, mchuzi ukakudondokea kwenye kanzu. Na mimi mjinga nikacheka. Nilicheka nawe, Muharami, sikujua kwamba yai lenyewe ni mume wangu.

OPERETA: Mbeya, muda wenu unakaribia. Mnaendelea?

DAMARI: Tunaendelea, bwana. Tafadhali usitukate.

OPERETA: Endeleeni.

MUHARAMI: Shemeji, sikiliza. Hilo yai... mimi nilidhani ni mchezo wa mzungu. Yai ni yai, mtu ni mtu. Mtu ana damu inatembea. Hakuna aliyejua kwamba linaingia kichwani. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha!

DAMARI: Kweli, hakuna. Daktari wa misheni, huyu mpya, hakunidanganya. Alinichorea chini kwa kijiti. Akasema redio unayoisikia dukani inakuja kwa mawimbi, marefu. Domo nalo linatoa mawimbi, ila mafupi mno, yamebanana, yana nguvu. Hayachomi ngozi kama moto wa kuni. Yanapita, yanakwenda kutikisa maji yaliyo ndani, na maji yakitikiswa yanapata moto. Na ubongo wa mtu ni maji mengi. Akasema mle ndani mna chumvi na dawa zake, Mungu amezipima mwenyewe, ndizo zinazopeleka habari kutoka hapa hadi pale, kwamba huyu ni mke wako, huyu mwanao, jana mlikula magimbi. Zikivurugika, habari haifiki. Hata habari mpya haikai, inamwagika.

MUHARAMI: Lakini ana hakika?

DAMARI: Hana. Akasema wakubwa wa sayansi huko kwao bado wanabishana, wengine wanasema ni joto tu, linapoa, mtu anapona. Lakini akaniambia, mama, mimi hata mbwa wangu nisingemsimamisha pale.

MUHARAMI: Basi unaona, kama wao wenyewe wanabishana, mimi Muharami ningejuaje?

DAMARI: Isihaka yupo hapo?

MUHARAMI: Yupo. Kwa nini?

DAMARI: Yuko karibu? Anasikia?

MUHARAMI: Anasikia. Wote wanasikia, shemeji, napiga kelele kama dalali!

DAMARI: Isihaka naye alikuwa kibarua mlimani. Siku moja akaona wivu, akaenda kusimama na Asukile naye aote. Ulimfanya nini?

MUHARAMI: Isihaka?

DAMARI: Isihaka.

MUHARAMI: Nilimwondoa.

DAMARI: Sikusikii.

MUHARAMI: NILIMWONDOA! Nilimvuta!

DAMARI: Ulimvuta kwa ukosi mpaka shati likachanika. Ukamwambia, ukirudi hapa nakufukuza kazi. Mimi ndiye niliyelishona shati lile. Sasa niambie, kama hukujua, ulimvuta ya nini? Na kama ulijua, mbona wa kwangu ukamwacha?

MUHARAMI: Lazima mtu afute umande! Fundi anataka, kila asubuhi, wengine wote walikuwa wanakataa, wanaogopa ile tik-tik, Asukile peke yake hakukataa kitu. Alikuwa mpole. Ukimwambia nenda, anakwenda.

DAMARI: Ndiyo. Alikuwa mpole.

MUHARAMI: Isihaka ni ndugu yangu, Damari. Tumenyonya titi moja.

DAMARI: Nimesikia. Sikulaumu kwa kumpenda ndugu yako. Sasa turudi kwenye neno.

MUHARAMI: Neno lipi tena?

DAMARI: Unalijua. Ndilo lililokufikisha hapo ulipo. Asukile alipoanza kusahau, alipopotea njia ya kushuka kambini, akaja mzungu mkubwa kutoka Dar es Salaam kuuliza habari. Amekaa mezani. Asukile amesimama, kofia mkononi, wakati ule bado maneno yapo. Wewe umesimama katikati, mkalimani. Asukile akasema, mimi nilikuwa dirishani nilisikia kwa masikio yangu haya, akasema, "Bwana, niliota. Kila asubuhi niliota mbele ya Domo, na Muharami ndiye aliyenituma niote." Maneno hayo tu. Wewe ukamgeukia mzungu ukasema Kiingereza. Mzungu akamtazama Asukile kwa huruma, akatikisa kichwa, akavua miwani yake. Wiki ile ile wakamfukuza. Mgonjwa wa akili. Mimi miaka yote hii nilidhani wazungu wana roho mbaya.

MUHARAMI: Shemeji—

DAMARI: Ngoja! Mwezi huu daktari ananiuliza, "Mama, bado anaota zile ndoto zake za mashine?" Nikasema ndoto gani, daktari? Akasema, "Karatasi za kule kazini zinasema mtu huyu alikuwa na ndoto. Aliota kwamba nyapara anamtuma kwenye mashine." Muharami, nilikuwa nimesimama, nikakaa chini sakafuni. Nikamwambia, daktari, hakuota usingizini. Nikatanua mikono yangu hivi mbele ya jiko lake la mkaa, nikamwambia, aliota HIVI. Daktari akaweka kalamu yake chini.

MUHARAMI: Neno lenyewe lina njia mbili. Kuota ni kuota! Moto unaota, jua unaota, ndoto unaota. Kwa Kiingereza inabidi mtu achague, na pale palikuwa na haraka—

DAMARI: Weee! Wewe Kiswahili umekinyonya, mimi nimechapwa fimbo shuleni ndipo nikakijua. Mimi mwanamke wa mlimani najua kuota moto na kuota ndoto. Wewe hujui?

MUHARAMI: Najua.

DAMARI: Sikusikii.

MUHARAMI: Najua! Najua, najua!

DAMARI: Basi sema. Sema ulimwambia nini mzungu, halafu nampa Asukile simu. Usiposema naweka chini, na uende safari yako na mzigo wako.

MUHARAMI: Damari, nakuomba. Shehe yuko hapa. Wakwe zangu wako hapa. Niandikie—nitakuja Mbeya nikirudi—

DAMARI: Opereta!

MUHARAMI: Ngoja! Ngoja... Nilimwambia mzungu ameota ndoto.

DAMARI: Laini mbaya, Muharami. Jikaze.

MUHARAMI: NILIMWAMBIA AMEOTA NDOTO! Nilimwambia mtu huyu hana akili, anaota ndoto mchana, na katika ndoto zake mimi ndiye namtuma! Nilisema kusudi! Niliogopa! Fundi aliniambia ukinisaidia hapa nitakuombea kazi ya ukalimani Iringa, na akaniombea, na nikaipata! Basi! Ndiyo hayo! Nimesema!

DAMARI: Mbona barazani wamenyamaza? Pilau limewashinda?

MUHARAMI: ...Unasikia baraza?

DAMARI: Nasikia hata ukimeza mate. Laini ni safi, Muharami. Tangu ule mvumo wa mwanzo uishe imekuwa safi. Kila neno lako nimelisikia mara ya kwanza.

MUHARAMI: Kumbe ulikuwa unanipigisha kelele—

DAMARI: Kusudi. Wewe ulilisema lile neno lako polepole, kwa Kiingereza, mbele ya mtu mmoja. Mimi nimetaka ulirudishe kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya watu wanaokujua. Nimekuwa na hasira nawe mpaka usingizi hauji. Leo nitalala.

MUHARAMI: Umeniaibisha.

DAMARI: Ndiyo.

MUHARAMI: Haya. Ni haki yako. Lakini uliniahidi. Nipe Asukile. Nimwombe radhi.

DAMARI: Sivunji ahadi. Ngoja. (mbali na simu) Baba Esta! Njoo. Kuna mtu wa Iringa anataka kukusalimu. Shika hivi, hapa ndipo sikio. Eeh.

ASUKILE: Haloo? Ni nani?

MUHARAMI: Asukile! Ndugu yangu! Mimi Muharami!

ASUKILE: Ugonile, tata? Umeamkaje, baba?

MUHARAMI: Nimeamka salama, ndugu yangu. Ni Muharami! Wa mlimani!

ASUKILE: Muharami. Karibu, karibu. Mvua zimenyesha huko?

MUHARAMI: Asukile, unanikumbuka?

ASUKILE: Nisamehe, tata, sauti yako nzuri lakini sikujui. Umetoka upande gani?

MUHARAMI: Tumefanya kazi pamoja. Kule kwenye mashine. Domo!

ASUKILE: Ah, hapana. Umekosea mtu. Mimi ni mkulima wa kahawa, shamba la baba yangu. Sijafanya kazi kwenye mashine yoyote.

MUHARAMI: Sikiliza. Sikiliza tu, halafu uniambie neno moja. Kulikuwa na mtu, akiitwa Asukile. Mimi nilimtuma asimame mahali pa hatari, na nilijua ni hatari. Akapata ugonjwa wa kichwa. Akajitetea, mimi nikageuza maneno yake, akaonekana mwendawazimu. Nimekuja kuomba radhi.

ASUKILE: Loo. Masikini mtu huyo.

MUHARAMI: Ndiyo.

ASUKILE: Ana mke?

MUHARAMI: Anaye.

ASUKILE: Masikini mwanamke huyo. Umefanya vibaya sana, tata. Lakini umefanya vizuri kusema.

MUHARAMI: Basi niambie umenisamehe. Neno hilo tu, Asukile. Nasafiri, nakuomba. Sema nimekusamehe.

ASUKILE: Mimi?

MUHARAMI: Wewe!

ASUKILE: Nitasameheje kosa la mtu mwingine? Huku kwetu kina Asukile ni wengi, karibu kila ukoo una mmoja. Nikikusamehe mimi na mwenyewe yupo anaumia, si nitakuwa nimemwibia? Baba yangu ni mzee wa kanisa, ataniona mtu wa ajabu.

MUHARAMI: Ni wewe! Asukile, ni wewe mwenyewe!

ASUKILE: (kwa upole) Hapana, tata. Mtafute mwenyewe. Ukimpata, mpe pole yangu. Haya, ndaga, asante. Ngoja nikupe mkwe wangu, amesimama hapa, sijui kwa nini analia. Mkwe, chukua chuma chako. Mimi niende nyumbani, Damari atakuwa anarudi na maji.

DAMARI: Mimi hapa.

MUHARAMI: Hanijui.

DAMARI: Hakujui.

MUHARAMI: Ulijua kwamba hatanijua.

DAMARI: Nilijua. Aliyeweza kukusamehe ulimpika mwenyewe, Muharami. Nilitaka uonje.

MUHARAMI: Basi wewe. Uniwie radhi wewe, kwa niaba yake. Wewe ndiye mkewe.

DAMARI: Umesikia mwenyewe ameniitaje. Mimi kwangu ni mkwe tu, mgeni. Mgeni hatoi radhi ya nyumba.

OPERETA: Mbeya, muda umekwisha. Kuna watu wanangoja laini.

MUHARAMI: Bwana opereta, kidogo tu! Damari! Usiweke chini! Nitampata wapi mtu huyo? Niambie, nitampata wapi?

DAMARI: Sijui. Mimi mwenyewe namtafuta kila siku.

OPERETA: Nakata, Mbeya.

MUHARAMI: Damari!

DAMARI: Tafuta, Muharami. Tafuta mpaka huko uendako. Na ukimpata kabla yangu, mwambie asiendelee kusimama njiani na baridi hii. Mwambie Damari alisharudi zamani kutoka mtoni, chakula kimepo—

(laini inakatika)